Kamera ghali nayo huja na kasoro

Wengi huamini kamera ya mamilioni ikitoka kwenye boksi haiwezi kuwa na hitilafu. Si kweli. Nikon D600 ilipoingia sokoni mwaka 2012, wanunuzi walikuta madoa meusi kwenye picha: chembechembe zilikuwa zikirukia sensa, yaani kipande kinachonasa picha, ya kamera mpya kabisa. Mwaka 2013 ikaja D610 yenye shata (pazia linalofunguka kupitisha mwanga) mpya, na mwaka 2014 Nikon ikakubali kukarabati D600 bure, hata zilizoishiwa waranti.

Basi ijaribu kamera yako kabla muda wa kurudisha haujapita. Punguza tundu la lenzi hadi f/16, piga anga tupu, kisha kuza picha uikague kona zote. Doa lisilohama hata ukibadilisha lenzi liko kwenye sensa. Likirudi upesi baada ya kusafishwa, irudishe dukani, wala usikubali kuambiwa ni kawaida.