Mfalme juu ya farasi si yule wa zamani

Ukifika kwenye Uwanja wa Mapinduzi mjini Bucharest, utamkuta Mfalme Carol I wa Romania juu ya farasi wa shaba, kaipa mgongo maktaba ya chuo kikuu. Watalii wengi hupiga picha na kuandika kwamba ni kazi ya Ivan Meštrović, mchongaji maarufu wa Kikroeshia. Wengine huongeza chumvi: eti imenusurika risasi za Desemba 1989, wakati wa mapinduzi yaliyoung'oa utawala wa Kikomunisti nchini humo.

Haikunusurika kitu, maana haikuwepo. Siku zile maktaba iliungua na kuta za jirani zikatobolewa na risasi, lakini farasi hakuwa hapo. Meštrović alichonga kweli sanamu ya Carol I, ikazinduliwa mwaka 1939. Mfalme Mihai, wa mwisho wa Romania, alipolazimishwa kung'atuka tarehe 30 Desemba 1947, Wakomunisti hawakutaka kumwona mfalme yeyote, hata wa shaba. Wakaiangusha. Sanamu ya Mfalme Ferdinand, mrithi wa Carol I, ambayo pia ni kazi ya Meštrović, nayo ikaenda na maji.

Hii ya leo ni ya Mromania Florin Codre, na imesimama hapo tangu mwaka 2010. Inafanana mno na ile ya kwanza, kwa hiyo siwalaumu sana wanaokosea.

Anayetaka kazi ya mkono wa Meštrović mwenyewe mjini humo akaitazame sanamu ya mwanasiasa Ion I. C. Brătianu. Hiyo nayo iling'olewa, ila haikuyeyushwa, na baada ya 1989 ikasimamishwa tena.