Je, wajua kwa nini orka huvunja usukani wa mashua?

Tangu mwaka 2020, wenye mashua za tanga kwenye pwani za Hispania na Ureno wanatembelewa na wageni wasiowaalika. Orka, wale nyangumi weusi wenye mabaka meupe, hujitokeza kwa nyuma, husukuma usukani, ule ubao wa majini unaoelekeza mashua, kwa kichwa mpaka uvunjike, kisha hujiendea zao. Mashua kadhaa zimeshazama.

Wengi walisema ni kisasi. Mimi sishawishiki: mnyama wa tani kadhaa akiwa na hasira, atahangaika na usukani tu? Tena wahusika wengi ni vijana. Watafiti wengi wanaowafuatilia wanaelekea kwenye jibu jepesi zaidi, kwamba wanacheza.

Jina la nyangumi linatuchanganya, kwani orka ni wa ukoo wa pomboo, mkubwa kuliko wote, na pomboo na mchezo ni chanda na pete. Mwaka 1987, katika ghuba ya Puget Sound, Marekani, jike mmoja alionekana akiogelea na samaki aina ya samoni aliyekufa juu ya kichwa, mithili ya kofia. Wiki chache baadaye wenzake walikuwa wakifanya vivyo hivyo, hata wa makundi mengine. Kisha mtindo ukapotea kama ulivyokuja.

Kuigana huko kunatokana na maisha yao. Kwa orka wa eneo hilo, mtoto hamwachi mama yake: dume lililokomaa, lenye pezi la mgongoni refu kumpita mtu, bado huandamana na mamaye, na nyanya aliyekwisha kuacha kuzaa huongoza msafara kwenda kwenye samaki. Kila kundi lina milio yake, kama lahaja. Hata michezo hutofautiana. Kaskazini kidogo, pwani ya Kanada, orka hujisugua matumbo kwenye kokoto za ufukweni. Majirani zao wa kusini, wanaokula samoni walewale, hawana desturi hiyo. Wao makundi yakikutana hujipanga safu mbili zinazotazamana, hutulia kidogo, ndipo huchanganyika na kugusanagusana.

Kwa hiyo kijana mmoja akigundua kwamba usukani unatikisika vizuri ukiusukuma, wenzake wapo pembeni wanatazama. Wale wa kofia za samaki walichoka upesi. Hawa wa usukani, miaka inakatika, bado hawajachoka.