Maana ya barafu nyeusi, na namna baridi inavyoileta barabarani

Barafu nyeusi ni utando mwembamba wa barafu angavu unaoganda juu ya lami. Weusi ni wa lami yenyewe. Barafu haina rangi, kwa hiyo jicho linapita ndani yake na kuona barabara iliyo chini, na dereva anadhani ni maji ya mvua tu. Theluji kila mtu anaiona, na kila mtu anaiogopa, hata aliyeshuka kwenye ndege jana akitokea Bukavu au Mombasa. Hii nyingine haijitangazi. Naieleza kwa sababu wengi wetu tuliofikia Texas tuliambiwa kwamba huku hakuna baridi, tukanunua magari na kuanza kazi za usiku bila mtu yeyote kututajia kitu hiki.

Habari inaanzia angani. Hewa baridi ni nzito kuliko hewa ya joto. Inaposhuka kutoka kaskazini hupenya chini ya hewa ya joto kama kabari inavyopenya chini ya gogo, ikaisukuma juu. Ile ya joto ikipanda hupoa, mvuke wake unageuka mawingu, mvua inanyesha. Pale ardhini ambapo hewa hizi mbili zinakutana, wataalamu hupaita mstari wa mbele wa baridi. Jina lina harufu ya vita, na ni kweli limetoka vitani. Wanasayansi wa Bergen, Norwe, wakiwa na Vilhelm Bjerknes na mwanawe Jacob, walilitumia mara tu baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kwa sababu walichokiona kwenye ramani zao kilifanana na majeshi mawili yanayosukumana. Kwenye ramani za hali ya hewa utaukuta umechorwa kwa buluu, una meno ya pembetatu, na meno yanatazama kule mstari unakoelekea.

Katikati ya Marekani mstari huu huenda kasi kwa sababu hakuna cha kuuzuia. Milima ya Rocky imelala kutoka kaskazini kwenda kusini, upande wa magharibi. Kuanzia kaskazini ya Kanada hadi Ghuba ya Meksiko hakuna safu ya milima iliyokingama njia, ni tambarare tupu. Tarehe 11 Novemba 1911 mji wa Oklahoma City ulipata nyuzi 28 za Selsiasi mchana, na kabla ya saa sita usiku zikawa zimeshuka hadi nyuzi 8 chini ya sifuri. Kiwango cha juu na cha chini vyote viwili viliweka rekodi ya tarehe hiyo. Mtu aliyetoka asubuhi na shati jepesi alirudi nyumbani katika majira mengine ya mwaka.

Dalili za mstari huu unaweza kuzisoma mwenyewe bila simu. Kabla haujafika, upepo unatoka kusini, hewa ni vuguvugu na nzito. Ukipita, upepo unageuka ghafla na kuvuma kutoka kaskazini-magharibi, baridi inaingia mwilini ndani ya dakika, halafu mara nyingi mvua inakatika na mbingu zinatakata. Hapo ndipo watu hushusha pumzi wakisema imekwisha. Kumbe maji yangali barabarani, na anga lisilo na mawingu linaacha joto la ardhi lipotee usiku kucha. Wakulima wa Limuru na wa Makete wanalijua jambo hili vizuri: sakitu haiji usiku wa mawingu, huja usiku wa nyota. Tofauti ni kwamba kule inaunguza chai na viazi, huku inagandisha barabara kuu.

Njia ya pili ya barafu hii kuja ni mbaya zaidi. Kabari ya hewa baridi ikiwa nyembamba, inabaki imelala karibu na ardhi wakati juu yake hewa bado ni ya joto. Mvua inaanguka ikiwa maji, inapita katika ile baridi ya chini bila kupata muda wa kuganda, inafika ikiwa maji yaliyopoa kupita kiwango cha kuganda. Ikigusa kitu chochote, iwe tawi, waya wa umeme, kioo cha gari au lami, inaganda papo hapo. Manyunyu mepesi yanatosha. Huhitaji mvua ya kuloanisha nguo.

Ndivyo ilivyokuwa Fort Worth, Texas, alfajiri ya tarehe 11 Februari 2021. Kwenye barabara ya I-35W, katika kipande kilichoinuliwa juu ya ardhi, manyunyu yaliganda juu ya lami. Barabara ilikuwa imenyunyiziwa maji ya chumvi ya kuzuia barafu siku mbili kabla. Karibu saa kumi na mbili asubuhi magari yalianza kuteleza na kugongana, na yaliyofuata nyuma hayakuweza kusimama, malori ya mizigo yakipanda juu ya magari madogo. Magari takribani 130 yaliingia katika rundo lile. Watu 6 walikufa, na wengi waliokuwemo walikuwa wakielekea kazini au wakitoka zamu ya usiku.

Sasa, msimu ule wa baridi ulikuwa umetabiriwaje? Oktoba 2020 wataalamu wa serikali ya Marekani walitoa mwelekeo wa msimu, wakasema kusini mwa nchi kuna uwezekano mkubwa wa joto na ukavu kuliko kawaida, kwa sababu ya La Niña, yaani kupoa kwa maji ya Bahari ya Pasifiki karibu na ikweta, ileile ambayo mara nyingi hutunyima mvua za vuli Afrika Mashariki. Miezi minne baadaye, tarehe 16 Februari, uwanja wa ndege wa Dallas na Fort Worth ulisoma nyuzi 19 chini ya sifuri. Naona watu wengi wanakosea hapa. Mwelekeo wa msimu unazungumzia wastani wa miezi mitatu, Desemba hadi Februari, na unatoa uwezekano tu. Miezi mitatu yenye joto inaweza kubeba ndani yake wiki moja ya maafa. Kuhusu barabara ya kesho asubuhi, tazama utabiri wa siku hiyo na maonyo ya Idara ya Taifa ya Hali ya Hewa, na usome kiwango cha usiku, usiishie kwenye cha mchana.

Madaraja huganda kwanza. Barabara ya kawaida imelala juu ya udongo, na udongo umehifadhi joto. Daraja linapigwa na upepo juu na chini, halina pa kukopa joto. Ndiyo maana unaweza kuendesha maili kumi salama kisha gari likakuponyoka kwenye daraja la juu lenye urefu wa mita hamsini. Kipimajoto cha gari nacho kinasoma hewa, hakisomi lami. Kikionyesha nyuzi 2, lami inaweza kuwa tayari chini ya sifuri. Na barafu iliyo karibu na sifuri inateleza kuliko ya baridi kali, kwa kuwa juu yake kuna unyevu. Chumvi husaidia, lakini baridi ikizidi nyuzi 9 hivi chini ya sifuri, ile ya kawaida inalegea sana.

Majira yangu ya kwanza ya baridi nilitoka kazini saa kumi na moja alfajiri, mvua imekatika, nyota zinawaka. Mkono wa mlango wa gari ulikuwa umevikwa kitu kama glasi. Mzee mmoja wa Uvira tuliyekuwa naye zamu moja akaniita, akanionyesha gari lililokuwa likitoka getini. "Mwanangu, angalia matairi yake. Barabara inang'aa, lakini hayarushi maji." Nikatazama. Kweli, hakukuwa na hata tone nyuma ya gurudumu, na sauti ile ya matairi kwenye maji haikuwepo.

Tulisubiri ndani hadi jua lilipotoka. Ukishakuwa barabarani na barafu ikakushika, toa mguu kwenye mafuta taratibu, usikanyage breki kwa nguvu, na elekeza usukani kidogokidogo kule unakotaka gari liende. Gari la magurudumu manne yanayosukuma litakusaidia kuondoka, lakini kusimama litasimama kama mengine. Kanuni za barabara za Uingereza zinasema umbali wa kusimama kwenye barafu unaweza kufika mara kumi ya ule wa lami kavu. Kwa hiyo acha nafasi hiyo kabla ya kulifikia daraja, kwa sababu ukiwa juu yake huwezi kuiongeza.