Amana na mizani katika mafunzo ya ualimu: maana ya dhana

Kuunganisha maadili ya elimu ya Kiislamu na uendelevu katika mafunzo ya ualimu ni kumwandaa mwalimu tarajali afundishe hifadhi ya mazingira kutoka ndani ya dini yenyewe, badala ya kuipokea kama mada ngeni iliyopachikwa kwenye silabasi. Uendelevu ni kutumia maji, ardhi, misitu na bahari bila kuwapunja watakaokuja baadaye. Uislamu una msamiati wake wa jambo hili tangu zamani: binadamu ni khalifa, yaani msimamizi na wala si mmiliki, alichokabidhiwa ni amana, viumbe vimewekewa mizani, kama isemavyo Sura ya Ar-Rahman, na israfu, yaani ufujaji, imekatazwa hata katika kula na kunywa.

Maandalio mengi ya somo hukosea hapa, kwani husheheni sayansi, kisha aya moja ikabandikwa mwishoni kama muhuri. Tuchukue somo la udhu. Hadithi sahihi zinaeleza kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja ya maji, kipimo kisichofika lita moja. Mwalimu tarajali anaweza kumtawadhisha mwanafunzi mmoja bombani, maji yakikingwa kwa beseni, na mwingine kwa birika, kisha darasa zima likayapima maji yote mawili kwa kopo. Fiqhi (elimu ya sheria za dini), hesabu na mazingira vimefundishwa kwa pamoja, na hakuna aliyehubiriwa.

Pemba inao mfano wa karibu zaidi. Kisiwa cha Misali, kilichotengwa kuwa eneo la hifadhi mwaka 1998, kinasimuliwa na wenyeji kuwa Nabii Khidhri alikifanya msala wake, yaani mkeka wa kuswalia. Mwishoni mwa miaka ya 1990, taasisi ya Kiislamu ya ikolojia kutoka Uingereza, iliyoasisiwa na Fazlun Khalid, ilishirikiana na wenyeji kuandaa mafunzo ya hifadhi yaliyojengwa juu ya Kurani, na walimu wa madrasa walikuwa miongoni mwa walengwa, kwa kuwa wavuvi huwasikiliza.

Sharti moja husahaulika: mkufunzi awe na elimu ya hadithi. Ile mashuhuri ya kutofuja maji hata ukiwa kando ya mto unaotiririka, inayopendwa sana kwenye mabango, isnadi yake, yaani mlolongo wa wapokezi wake, imedhoofishwa na wanazuoni kadhaa, na mwalimu tarajali anapaswa kulijua hilo kabla hajaiandika ubaoni.