Gari Haliwaki: Dhana Potofu Kuhusu Betri na Stata

Unageuza ufunguo, unasikia "ka!" mara moja, kisha kimya. Hata boneti hujafungua, tayari kuna mtu anakwambia ununue betri mpya. Huenda anasema kweli. Lakini mlio huohuo hutokana pia na kibano cha betri kilicholegea, kebo iliyooza ndani ya ganda lake, solenoidi iliyolika (swichi ya sumaku inayopeleka umeme mkubwa kwenye stata, yaani mota inayoizungusha injini hadi iwake) au injini iliyokwama. Anayenunua kwanza na kupima baadaye mara nyingi hulipia kifaa ambacho hakikuwa na kosa lolote, na tatizo likabaki palepale.

"Taa zinawaka vizuri, kwa hiyo betri ni nzima"

Hii ndiyo dhana inayowapotosha wengi kuliko zote. Taa kubwa mbili za kawaida hula takriban ampea 10 tu. Stata ya gari dogo la petroli huvuta ampea 100 hadi 200 hivi, na katika sekunde ile ya kwanza ya kuiamsha injini iliyosimama huvuta zaidi. Ya dizeli huvuta zaidi ya hapo. Betri iliyochoka inaweza kulisha taa, redio na honi kwa muda, lakini ikashindwa kabisa stata inapodai haki yake.

Taa zina msaada wake, ila lazima zitazamwe wakati stata inapigwa. Washa taa kubwa, mwenzako ageuze ufunguo, wewe angalia. Zikififia sana au kuzimika, ama betri haina nguvu, ama vibano vyake havipitishi umeme, ama stata imekwama na inavuta kupita kiasi. Zikibaki kama zilivyokuwa na hakuna kinachozunguka, basi umeme mkubwa haujafika kwenye stata, hivyo betri iache kwanza. Tafuta kwenye rilei (swichi ndogo inayowashwa kwa umeme), swichi ya ufunguo, waya mdogo unaoiamuru solenoidi, au vituo vya shaba vilivyomo ndani ya solenoidi yenyewe. Kwa gari la gia za otomatiki, jaribu kuwasha gia ikiwa kwenye N badala ya P. Likiwaka, kosa liko kwenye swichi ya gia.

"Mita imesoma volti 12, betri imejaa"

Volti 12 kamili si betri iliyojaa, ni betri iliyobakiwa na robo hivi. Ndani yake kuna seli sita, na kila moja ikijaa hutoa volti 2.1 kwa kukadiria. Kwa hiyo betri ya kawaida ya maji iliyojaa husoma volti 12.6 au zaidi kidogo. Kwenye 12.4 imebaki robo tatu, kwenye 12.2 imebaki nusu. Vipimo hivi ni vya betri iliyopumzika saa kadhaa. Ukipima mara tu baada ya kuzima injini, utasoma chaji ya juujuu inayodanganya. Huna muda wa kusubiri? Washa taa kubwa dakika moja au mbili, zima, kisha pima.

Hata hivyo kipimo cha betri iliyotulia ni nusu ya habari. Acha mita kwenye betri, mwenzako apige stata. Betri nzima haishuki chini ya volti 9.6 hivi katika hali ya joto la kawaida. Ikianzia 12.6 halafu ikaporomoka hadi 7, huenda ina seli iliyokufa, au stata inavuta mno. Lakini ikibaki juu ya 12 huku stata inazunguka kwa shida au inalia "ka" tu, umeme unapotelea njiani.

Na hapo ndipo kipimo ninachokipenda kuliko vyote kinapoingia. Gusisha ncha moja ya mita kwenye nguzo yenyewe ya chanya, ile ya risasi na si kibano chake. Ncha ya pili iwe kwenye bolti ya stata inayopokea kebo nene. Piga stata. Mita ikionyesha zaidi ya nusu volti, kebo au viungo vyake vinakula umeme. Rudia kati ya nguzo ya hasi na chuma tupu cha injini, ambako hata sehemu tatu za kumi za volti ni nyingi. Kebo inaweza kung'aa kwa nje huku nyuzi za ndani zimegeuka unga wa kijani. Macho hayaoni hilo, mita inaona.

"Ikilia tatatata, stata imekufa"

Mara nyingi ni kinyume. Solenoidi inavuta, stata inaanza kudai umeme, volti zinaporomoka, solenoidi inaachia. Volti zinapanda tena, inavuta tena. Mchezo huo ukirudiwa haraka ndio ule mlio. Chaji betri na usafishe vibano kabla ya kuifungua stata. Ikizunguka kwa kasi, "viii", bila kuigeuza injini, hapo kosa liko kwenye stata au flaiwili, gurudumu la injini linalozungushwa na stata: meno ya stata hayaingii kwenye flaiwili, au meno ya flaiwili yamelika.

"Limewaka kwa kushtuliwa, kwa hiyo ni betri"

Kushtua ni kuazima umeme wa betri ya gari lingine kwa kebo. Fikiria kebo ya kushtulia inavyofungwa. Ya hasi hushikizwa kwenye chuma cha injini, mbali na betri, kwa sababu betri hutoa gesi ya haidrojeni inayolipuka kwa cheche. Kwa kufanya hivyo umeipa stata njia mpya ya kurudishia umeme. Kama kosa lilikuwa kwenye kebo ya hasi iliyooza, umeipita bila kujua! Gari litawaka, utanunua betri, na baada ya siku chache utarudi palepale. Nimeona mtu akibadilisha betri mbili kwa kosa la waya mmoja wa kuunganisha injini na bodi.

Tena betri inaweza kuwa tupu kwa sababu haichajiwi. Injini ikiwaka, pima: magari mengi husoma kati ya volti 13.8 na 14.7. Ikibaki 12 na kitu na inazidi kushuka, angalia mkanda na alternata, kifaa kinachochaji betri injini ikizunguka.

"Chomoa betri injini ikiwaka, ukitaka kuijua alternata"

Tafadhali usifanye hivi. Betri hutuliza mawimbi ya umeme wa alternata. Ukiichomoa ghafla, volti zinaweza kuruka juu na kuunguza kompyuta ya gari au alternata yenyewe. Kipimo cha hapo juu kinatosha, wala hakihitaji hata spana.

"Ukiigonga stata inapona"

Ikiwaka baada ya kugongwa, umepata dalili tu. Kaboni za stata (vipande vinavyopitisha umeme ndani ya mota) zimeisha au vituo vya solenoidi vimelika, na itagoma tena.

"Betri kubwa zaidi itaunguza stata"

Hapana. Stata huvuta inachohitaji. Kinachoiunguza ni kuipiga mfululizo: usizidishe sekunde 10, kisha ipumzishe. Na kama gari lilipita kwenye maji mengi, usiilazimishe kabisa. Maji yakiingia kwenye silinda hayashindiliki, na unaweza kupinda fimbo ya pistoni.

"Imekauka, iongezee asidi"

Kinachopotea ni maji, asidi hubaki. Ongeza maji safi yaliyokenekwa tu.

"Betri mpya imekufa usiku, ni feki"

Huenda gari lenyewe linainywa. Likizimwa, gari la kawaida hutumia chini ya miliampea 50 hivi. Zima kila kitu, unganisha mita ya ampea kati ya nguzo ya hasi na kebo yake, funga milango, subiri hadi kompyuta zote zilale, jambo linaloweza kuchukua nusu saa au zaidi. Usipige stata mita ikiwa hapo, utaiunguza. Kama bado inasoma mamia ya miliampea, chomoa fiuzi moja baada ya nyingine hadi namba ishuke. Saketi ya fiuzi hiyo ndiyo inayokunywa.