Ukiuza Wimbo Hujauza Jina: Dhana Potofu Kuhusu Haki na Afya ya Msanii

Dhana: Ukishauza kazi, huna tena cha kudai.

Ulichouza ni haki za kiuchumi: kunakili, kusambaza, kurusha hewani. Haki za kimaadili ni jambo jingine. Tangu 1928, Mkataba wa Berne, ambao ni mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, unamlinda mtunzi hata baada ya kuuza: ana haki ya kutambuliwa kuwa kazi ni yake, na ya kupinga isikatwekatwe au kupotoshwa kwa namna ya kumvunjia heshima. Waimbaji na wapiga ala walizisubiri haki kama hizo hadi mkataba mwingine wa kimataifa, wa 1996. Waigizaji wa filamu walisubiri zaidi: Mkataba wa Beijing ulipitishwa 2012 na kuanza kutumika 2020.

Lakini usilale. Baadhi ya nchi zinamruhusu msanii kuziachia haki hizo kwa maandishi, na kifungu cha kuziachia hupenda kujificha kurasa za mwisho, pale ambapo mtu ameshachoka kusoma na kalamu iko mkononi. Anza kusoma huko.

Dhana: Bila kusajili, hakuna hakimiliki.

Katika nchi za Mkataba wa Berne, hakimiliki huzaliwa pamoja na kazi. Usajili husaidia ushahidi.

Dhana: Anayeipenda sanaa hahesabu malipo.

Anayefunga spika analipwa, mwenye ukumbi analipwa, kisha mwimbaji anaambiwa atapata "kuonekana". Mwaka 1980 UNESCO ilipitisha Pendekezo kuhusu Hadhi ya Msanii, likizitaka nchi zimpe msanii ulinzi wa kijamii kama wafanyakazi wengine. Kweli, pendekezo halina nguvu ya sheria. Hata hivyo linatosha kumjibu anayesema sanaa si kazi.

Dhana: Bila mateso hakuna sanaa kubwa.

Hapa huletwa mfano wa mchoraji Mholanzi Vincent van Gogh, aliyechora akiwa hospitali ya wagonjwa wa akili mwaka 1889. Kinachosahaulika ni kwamba alichora hasa vipindi alipopata nafuu. Maradhi yalipomzidi, kazi ilisimama. Mimi dhana hii ndiyo inayoniudhi kuliko zote, kwa sababu meneja asiyetaka kumpa msanii mapumziko huigeuza kuwa sifa: eti uchovu wako ndio unaokupa sauti.

Dhana: Masikio ya mwanamuziki huzoea kelele.

Hayazoei, yanakufa polepole. Vinyweleo vya sikio la ndani vikishaharibika havioti tena. Kipimo kinachotumiwa na wataalamu wengi ni desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3, muda salama hupungua kwa nusu. Ukifika desibeli 100, mpaka ni dakika 15 hivi, yaani nyimbo tatu au nne. Vipo vizibo vya wanamuziki vinavyopunguza sauti bila kuufifisha muziki. Mlio unaobaki masikioni baada ya onyesho ni dalili kwamba umeshavuka mpaka; ukirudiarudia, nenda upimwe.