Afya ya umetaboli baada ya kuumia uti wa mgongo

Watu wengi wakisikia neno umetaboli hufikiria mmeng'enyo wa chakula. Si kitu kimoja. Mmeng'enyo hufanyika tumboni na kwenye utumbo. Umetaboli hasa ni kazi inayofuata, pale sukari na mafuta vikishaingia kwenye damu, na mwili ukagawa kipi kichomwe sasa na kipi kiwekwe akiba. Tunasema mtu ana afya ya umetaboli kazi hiyo ikienda sawa: sukari haipandi kupita kiasi, mafuta ya damu yana uwiano mzuri, presha imetulia, tumbo halijabeba mafuta ya ziada. Hayo yakiharibika kwa pamoja, kisukari na maradhi ya moyo hayako mbali.

Sasa mfikirie mtu aliyeanguka kutoka kwenye mnazi, au aliyepata ajali ya bodaboda, uti wa mgongo ukaumia. Kila mtu huona miguu isiyotembea. Kisichoonekana ni kwamba misuli ndiyo ghala kubwa la sukari mwilini. Baada ya mlo, homoni ya insulini huifungulia sukari mlango na nyingi huingia kwenye misuli, na misuli mikubwa kuliko yote iko mapajani na matakoni. Amri ya ubongo isipofika tena huko, misuli husinyaa ndani ya wiki chache tu. Mafuta huchukua nafasi yake, mengine yakijipenyeza katikati ya nyuzi za misuli, mengine yakizunguka ini na utumbo. Insulini inabisha hodi kwenye nyumba iliyobaki chumba kimoja. Lehemu nzuri, yaani mafuta ya damu yanayohusishwa na ulinzi wa moyo, nayo mara nyingi hushuka.

Mizani haioni hayo, na hapa ndipo watu wengi hupotoshwa. Mwanamume wa kilo 65 mwenye urefu wa mita 1.70 ana BMI (kipimo cha uzito kwa kulinganisha na urefu) ya 22.5, na kliniki yoyote itampongeza. Lakini kwa mtu mwenye jeraha la uti wa mgongo, wataalamu wameshusha kiwango cha unene wa kupindukia kutoka 30 hadi 22, kwa sababu kilo zile zile zina misuli michache na mafuta mengi. Kwa hiyo uzito "mzuri" usimzuie mtu kuomba kupimwa sukari na mafuta ya damu.

Mazoezi yanasaidia vipi, ikiwa misuli mikubwa haifanyi kazi? Misuli inayojikaza na kulegea kwa bidii huvuta sukari kutoka kwenye damu hata insulini ikiwa dhaifu, na mikono inaweza kufanya hivyo. Mwongozo wa kimataifa uliotolewa mwaka 2018 kwa ajili ya watu hawa unataja angalau dakika 30 za mazoezi ya pumzi, yaani yale yanayokufanya uheme, mara 3 kwa wiki, kwa kiwango cha wastani hadi kikali, ili kulinda moyo na umetaboli. Unataja pia mazoezi ya nguvu mara 2 kwa wiki kwa misuli mikubwa yote inayofanya kazi. Anayeanza aanze na kidogo, aongeze taratibu. Si lazima iwe gym. Kusukuma kiti mwendo kwa kasi barabarani kunatosha, na ile baiskeli ya magurudumu matatu inayoendeshwa kwa mikono, kama zile wanazovushia mizigo watu wenye ulemavu mpakani mwa Kongo na Rwanda, kati ya Goma na Gisenyi, ni chombo cha mazoezi kamili.

Lakini lazima isemwe wazi: mikono ni midogo. Nusu saa ya mikono haichomi kama nusu saa ya miguu, na mwili uliopoteza misuli hutumia nguvu kidogo hata ukipumzika. Sahani ya ugali ya zamani sasa ni kubwa mno. Uzito usiposhuka haraka mtu asikate tamaa, maana insulini inaweza kuanza kufanya kazi vizuri zaidi kabla mizani haijasogea.

Jeraha likiwa shingoni, mapigo ya moyo hayapandi kama ya wengine, kwa kuwa neva zinazouharakisha moyo hutokea kwenye pingili (mifupa ya uti wa mgongo) za juu za kifua, chini ya jeraha. Usihesabu mapigo, pima kwa pumzi. Ukiweza kuzungumza lakini huwezi kuimba, uko kwenye kiwango cha wastani. Jasho nalo halitoki chini ya jeraha, kwa hiyo katika joto la pwani fanya mazoezi asubuhi, na kitambaa chenye maji kiwe karibu.

Kwa jeraha la pingili ya sita ya kifua au juu yake kuna hatari moja ambayo kila ndugu wa nyumbani aijue. Presha inaweza kuruka ghafla, kichwa kikagonga, uso ukawa mwekundu au ukatoka jasho. Mara nyingi chanzo ni kibofu kilichojaa au mpira wa mkojo uliojikunja. Mkalishe wima, legeza nguo, kagua mpira, na hali isipotulia mkimbize hospitali. Kibofu kitolewe mkojo kabla ya mazoezi, siku zote.

Na mabega yatunzwe. Ndiyo yanayosukuma kiti, ndiyo yanayomhamisha mtu kitandani, na yakiumia mazoezi yote husimama. Anayesukuma kiti kutwa nzima anahitaji mazoezi ya kuvuta: funga kipande cha mpira wa baiskeli kwenye nguzo, uvute kuelekea kifuani, viwiko vikirudi nyuma.